Sahani ya Msichana wa Watu

Kila mwaka, theluji ikishayeyuka na matope yakakauka, Ambrose Clairmont alitenga sahani moja zaidi. Mchuzi wa nyama kavu, kipande cha mkate wa kukaanga, kijiko cha uji wa matunda pori aliokuwa akiupika mkewe, Zita. Aliibeba mpaka nguzo ya mwisho ya ua, upande wa magharibi, akaiweka chini kwenye majani. Majirani nao waliwatengea marehemu wao. Ambrose alimtengea mtu asiyemjua.

"Msichana wa watu," alimwambia, "kula. Wenyewe wakifika watakuchukua."

Kisha alirudi ndani bila kugeuka nyuma.

Msichana huyo alikuwa mifupa. Mjenga ua mmoja aliiokota kwenye shamba la ng'ombe la mzungu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka kijijini kwa Ambrose, kule kusini inakokoma nchi ya Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani. Miezi saba kabla ya hapo Lorinda, binti yake Ambrose, alitoka kazini Ijumaa mchana. Alikuwa anafua mashuka kwenye gesti moja ya mjini. Wenzake walimwona akipanda pikapu nyeupe. Basi. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Ambrose na Zita walikwenda polisi wa kabila. Wakaambiwa, "Kapotelea mjini, mzee, na mji si wetu." Wakaenda mjini. Wakaambiwa, "Binti ni wa huko kwenu, waulizeni wenu." Wakaenda kwa wale wa serikali kuu, ofisi yenye zulia. Wakaambiwa hakuna dalili ya kosa. Mmoja akawapa na moyo: "Labda yuko mahali anakunywa. Wasichana wenu hurudi." Zita alimtazama yule bwana mpaka akaanza kupanga kalamu zake mezani.

Mifupa ilipookotwa, ndipo askari wa wilaya alipowajia mwenyewe. Aliacha injini ya gari inaunguruma nje. Alikuwa na fomu na kijiti kimoja chenye pamba.

"Wewe ni nani wake?"

"Baba yake," alisema Ambrose.

"Na mama ndiye huyu?"

"Ndiye mimi," alisema Zita.

"Mmoja wenu atatosha." Akampangusa Ambrose shavuni kwa ndani, akaandika fomu yeye mwenyewe, akaonyesha mahali pa kutia sahihi. Utotoni Ambrose alitoroka shule ya bweni mara tatu, na mara ya tatu hawakumpata. Kusoma alisoma kwa kidole, polepole. Injini ilikuwa inaunguruma. Akatia sahihi.

Wiki sita baadaye simu ililia. Siye. Vinasaba havilingani. Yule si mtoto wako, mzee.

Zita alikaa chini sakafuni akalia kwa furaha. Walipika, wakaita watu, wakagawa mablanketi ya shukrani mpaka kabati likabaki tupu. Watu walikula wakacheka. Ambrose peke yake hakuweza kumeza.

"Una nini?" Zita alimuuliza.

"Siye wetu," alisema. "Lakini ni wa nani?"

 Siku ileile alitenga sahani ya kwanza.

* * *

Miaka minane ikapita hivyo. Zita alishona blanketi la viraka lenye nyota kubwa katikati, nyekundu na njano, la kumfunika Lorinda akirudi. Kwa wale watu blanketi la namna hiyo humfunika anayepongezwa, na ndilo hilohilo humfunika anayezikwa. Nyota aliimaliza. Upindo wa pembeni hakuukunja. Alisema, "Nikiukunja nitakuwa nimemaliza, na nikimaliza nitaulizwa ni la nini."

Zita alikufa majira ya baridi, mwaka wa sita. Kwao mume aliyefiwa hukata nywele. Ambrose alikuwa na misuko miwili iliyofika kiunoni, nayo ilishakuwa myeupe. Lakini Zita alimshika mkono pale kitandani.

"Usikate, Baba Lorinda. Watu wakikuona umekata watasema tumemkatia tamaa mtoto."

Kwa hiyo alimzika mkewe na nywele zake kichwani, kama mtu asiyefiwa. Vikongwe walimtazama. Hakuwaeleza. Mara nyingine alijiona kama ng'ombe aliyeingiza kichwa kwenye waya wa ua: akienda mbele unamkata, akirudi nyuma unamkata.

Aliyekuwa akimtembelea kila siku ni Eugene, kaka yake Zita. Shemeji na shemeji kwa Walakota wana utani, tena utani mzito, na hauishi kwa sababu ya msiba. Eugene alikuja kunywa kahawa na kuitukana.

Siku moja ya Aprili walikuwa wamekaa jikoni akaingia mwanamke wa makamo, faili kwapani. Hakuanza na faili. Alianza na bibi zake, mmoja baada ya mwingine, mpaka Ambrose akaona wanakutana wapi kiukoo. Jina lake Delphine. Baraza la kabila lilikuwa limemwajiri apitie upya habari za waliopotea na waliouawa, ambao polisi walikwishawasahau.

"Karibu, mjukuu," alisema Ambrose. "Kunywa kahawa."

"Usiinywe yote, binti," alisema Eugene. "Chini huwa kuna soksi."

"Uliisahau wewe hiyo."

"Mimi? Mimi sivai soksi mbovu kama kahawa yako, shemeji."

Delphine akacheka, akanywa. Akatazama picha ukutani, msichana mwenye fulana ya mpira wa kikapu, kidevu juu.

"Ndiye huyu, babu?"

Eugene akamdakia. "Ndiye. Na itazame hiyo pua, binti. Mungu alimwonea mtoto huruma, akampa pua ya marehemu Severt. Angechukua ya huyu shemeji yangu, pua ingekuwa inafika leo, mwenyewe anafika kesho."

Ambrose mwenyewe alitabasamu. Delphine alianza kucheka, kicheko kikaishia njiani. Akaweka kikombe chini.

"Severt ni nani, babu?"

"Mdogo wangu. Alikufa."

Friji ilikuwa inaunguruma pembeni. Delphine akainamisha macho sakafuni. Alijua anachotaka kuuliza, na alijua kwamba kwao swali hilo ni tusi.

"Babu, nisamehe. Nauliza kwa ajili ya faili tu. Lorinda alizaliwa na nani?"

"Lorinda ni mwanangu."

"Najua, babu."

"Basi umejibiwa."

Eugene alisimama akaenda kuchochea jiko. Jiko halikuwa na moto.

Jambo lenyewe kila mtu kijijini alilijua na hakuna aliyelisema. Lorinda alikuwa na miaka mitatu Severt alipopinduka na gari kwenye barafu. Mama mzazi alikwishakwenda zake mijini, na huko akafa. Siku ya mazishi mtoto alilia "baba, baba" mpaka watu wakashindwa kuimba. Ambrose akamnyanyua. Shangazi yao mkubwa akatwaa blanketi akawafunika wote wawili, kichwa cha mtoto na kichwa cha Ambrose, mbele za watu. Akasema, "Mtoto huyu hakufiwa na baba. Baba yake huyu hapa. Atakayemwita yatima asile tena kwangu." Ndugu wa baba ni baba hata bila blanketi, na lile blanketi likafunga mlango kabisa. Lorinda mwenyewe alikua akijua. Alipeleka maua kaburini kwa "baba yule", akarudi nyumbani kwa "baba huyu", na wala haikumsumbua.

Kwa hiyo askari alipouliza, Ambrose alisema kweli.

Delphine alieleza taratibu, kama mtu anayepita juu ya barafu nyembamba. Maabara walipima kutafuta baba aliyezaa. Kipimo kikasema hapana, wakafunga sanduku. Wangejua mtoto ni wa ndugu, wangepima kwa njia nyingine.

"Unaniambia nini?" alisema Ambrose.

"Sikuambii kitu, babu. Nasema hawakupima inavyotakiwa."

"Unaniambia kwamba yule msichana wa watu..."

Hakumaliza. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, akautazama kama si wake.

"Ili wapime tena," alisema Delphine, "inabidi uende kwa karani wa wilaya, uape kwa maandishi. Useme wewe siye baba yake."

"Hapana."

"Babu..."

"Nimesema hapana. Kunywa kahawa yako."

* * *

Wiki tatu hakutoka nyumbani. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha. Jambo aliligeuza huku na huku, na kila upande aliougeuza ulikuwa na ukuta. Akiapa, anavua blanketi la shangazi mbele ya wazungu, na Lorinda anakuwa yatima kwa mkono wake. Akiapa, na kipimo kikisema ndiyo, basi mtoto kafa, tena kafa siku nyingi. Kumngoja kote kule, hata mauti yakamkuta Zita akingoja, kulikuwa bure. Asipoapa, kuna msichana kwenye sanduku mjini mwenye namba badala ya jina. Na kama msichana huyo ndiye, aliyemfungia humo ni baba yake, kwa neno moja.

Eugene alikuja, safari hii bila matusi.

"Shemeji, huu ulimi wangu. Niukate, nimpe mbwa."

"Mbwa hatakula."

"Kweli, hatakula." Eugene akakaa. "Zita angesemaje?"

"Usimtaje."



Siku ya sahani ilifika. Ambrose alipika mwenyewe, kama alivyofanya tangu mkewe afe. Akabeba sahani mpaka nguzo ya mwisho, akainama. Akafungua kinywa aseme, "Msichana wa watu." Maneno hayakutoka. Alijaribu mara ya pili. Alikumbuka yale mengine ambayo husema kila mwaka, wenyewe wakifika watakuchukua, akabaki ameinama hivyohivyo, mkono mmoja kwenye nguzo. Miaka minane alikuwa anawasema wenyewe hao kwa uzembe wao.

Alirudi ndani na sahani imejaa. Akampigia Eugene simu.

"Washa gari."

* * *

Karani wa wilaya alikuwa mama wa kizungu mwenye miwani ya kamba. Pembeni alikaa askari mmoja, wa kusikiliza tu. Delphine alikaa kulia kwa Ambrose, Eugene kushoto, kofia magotini.

"Wewe ni baba yake Lorinda Clairmont?"

"Ndugu yangu Severt alimzaa. Mimi nilimlea."

"Kwa hiyo wewe si baba."

"Nimekuambia nilimlea."

"Nahitaji ndiyo au hapana, bwana. Hapa pana visanduku viwili."

Wanasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Ambrose aliwaza meno ya kwanza yaliyong'oka, na homa ile ya mwaka wa theluji nyingi, alivyombeba maili nne kifuani ndani ya koti. Hakukuwa na kisanduku cha koti.

"Mama," alisema Eugene, "humo kwenye mashine yako hamna kisanduku cha mtu?"

"Eugene," alisema Ambrose. "Acha."

Akamtazama karani. "Hapana," alisema. Neno lenyewe fupi, na lilitoka kama mwiba wa samaki unavyotoka kooni, na nyama kidogo juu yake.

Karani akachapa: ami. Nyumbani kwao, ambako ndugu wa baba ni baba, mtu wa namna hiyo hayupo.

Askari akajikohoza. "Sasa mzee, kwa nini ulidanganya mara ya kwanza? Umetupotezea miaka minane."

 Eugene alikuwa anasimama. Delphine akamvuta kwa mkono wa shati, akamwambia askari bila kupandisha sauti:

"Fomu ile iliandikwa kwa mkono wa nani, afande? Wa mzee huyu? Nimeisoma. Aliyeandika hakuuliza maswali matatu. Hakuzima hata gari."

Askari akatazama saa ukutani. Karani akagonga muhuri.

* * *

Majibu yalichukua wiki tano. Delphine hakupiga simu. Alikuja, akasimama mlangoni, na safari hii hakuanza na bibi zake. Ambrose akajua.

"Ndiye?"

"Ndiye, babu."

Alikwenda kwenye sanduku la nguo, akatoa blanketi la nyota, akalikunjua juu ya kitanda. Akalinyoosha kwa viganja. Kisha akarudi jikoni.

"Nije na pikapu lini kumchukua?"

Delphine alitazama mikono yake. "Babu, fuvu lina alama ya kupigwa. Sasa ni kesi ya mauaji. Wanasema mifupa ni ushahidi. Haitoki mpaka kesi iishe."

"Wamemkamata nani?"

"Hakuna."

"Wanamtafuta nani?"

"Wamefungua faili upya. Nimewaandikia habari ya ile pikapu nyeupe, nitawaandikia tena."

"Kesi isiyo na mtu huisha lini, mjukuu?"



Ambrose alikaa. Akasema, "Alipokuwa si wangu, hawakunipa kwa kuwa si wangu. Sasa ni wangu, hawanipi kwa kuwa ni wangu."

Akaomba kitu kimoja, wamwache amwone.

Delphine alipigania hilo mwezi mzima. Walipoingia kwenye lile jengo mlinzi alimnyang'anya Eugene kisu chake cha mfukoni. Chumba hakikuwa na dirisha. Mzee mmoja wa maabara, mwenye koti jeupe lililochakaa viwikoni, aliweka mezani sanduku la karatasi ngumu, lefu kama mkono. Ubavuni liliandikwa namba. Kufungua ilikuwa marufuku. Blanketi nalo lilikatazwa. Hakuna kinachoingia humo, alisema, isipokuwa kilichoandikishwa.

Ambrose aliweka kiganja juu ya kifuniko.  Kisha aliuvuta msuko wa kulia ukaja mbele ya bega.

"Nipeni kitu cha kukatia."

Mzee wa maabara alimtazama Delphine.

"Andika sampuli ya nyongeza," alisema Delphine. "Ya kulinganishia. Ya ndugu wa damu. Hiyo si inakaa na sanduku lake?"

"Imeshalingana. Haihitajiki tena."

"Najua haihitajiki."

Yule mzee alitazama mlango. Akafungua mtoto wa meza, akatoa mkasi. Eugene ndiye aliyekata, maana Ambrose hakufika vizuri kwa nyuma. Alikata wa kulia, akakata na wa kushoto. Wa kulia ukatiwa kwenye bahasha ya kaki, ukafungwa utepe mwekundu. Wa kushoto Ambrose aliuingiza kifuani, ndani ya shati. Huo ulikuwa wa Zita.

"Jina la mtoaji?" aliuliza mzee wa maabara, kalamu mkononi.

"Ambrose Clairmont."

"Uhusiano?"

Delphine alifumba macho. Eugene akatazama dari.

"Ami," alisema Ambrose mwenyewe, upesi, asije akaulizwa mara ya pili.

Yule mzee akaandika. Akainua kifuniko kiasi cha bahasha kupita, akaipitisha, akafunika.

Njiani kurudi walivuka mto. Hapo Eugene alimwangalia shemeji yake, nywele zimesimama pande zote.

"Unafanana na mbuni," alisema.

"Endesha gari."

Walipofika bado jua lilikuwa juu. Ambrose alipika. Mkate uliungua upande mmoja. Eugene aliugonga mezani, akasema wangekuwa nao kumi wangejenga ghala. Ambrose alilirudisha blanketi kwenye sanduku la nguo, upindo ukiwa bado haujakunjwa. Kisha alipakua sahani moja zaidi, akaibeba kupitia uani mpaka nguzo ya mwisho. Aliiweka chini, akasimama.

"Lorinda," alisema. "Kula. Wenyewe tumefika. Hawajatufungulia."

Upepo ulikuwa unatoka magharibi. Ulimpiga shingoni kwa nyuma, mahali ambapo tangu ujana wake hapajawahi kukaa wazi. Alipandisha ukosi wa shati, akaendelea kusimama pale.